Aliyeshuka Bila Kusema

Vijana wangu, barua yenu nimeipata. Aliyeileta ni yule binti wenu mwenye rasta, na alinisomea kwa sauti ya juu mlangoni mpaka majirani wakatoka. Mwambieni mimi si kiziwi. Kilichokufa ni magoti, masikio yapo salama.

Mnasema mmepata picha ya pandashuka niliyoitengeneza hapa Kigali mwaka wa tisini na tatu, mnataka kuijenga tena kwa ajili ya maonyesho yenu ya mambo ya utotoni. Mnaomba vitu viwili tu: vipimo vya ubao, na yale maneno yaliyoandikwa kwenye kibao ukutani, kwa kuwa kwenye picha hayasomeki. Vipimo nitawapa kwa moyo mmoja. Maneno ya kibao siwapi. Yalikuwa ya uongo, na aliyeyaandika ni mimi. Nimezeeka nayo, na sasa mnataka niwapakie na nyinyi muyatembeze! Hapana. Kaeni chini niwaeleze, halafu mtaandika mengine.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Mimi nilikuwa fundi wa maonyesho katika nyumba moja ya utamaduni pale mjini. Fundi wa maonyesho ndiye anayetengeneza meza, masanduku ya vioo, ngazi, vibao, na kutundika picha. Siku ya ufunguzi wote wanapewa mkono isipokuwa yeye, kwa kuwa yuko nyuma ya pazia ameshika nyundo akiomba Mungu msumari usitoke. Wiki yangu ya kwanza nilifunga sanduku la kioo lenye mikuki ya zamani, nikasahau bisibisi yangu ndani. Ufunguo nao nilikuwa nimeuvunjia kwenye kufuli. Wageni walikuja, wakaitazama mikuki, wakaitazama bisibisi. Bwana mmoja mwenye miwani aliichora kwenye daftari lake. Bisibisi ile ilikaa mle ndani miezi mitatu.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kalombo, Mkongomani kutoka Bukavu, seremala mwenye vidole vinane. Viwili viliondoka na msumeno, na alikuwa akivitaja kama watoto waliohamia mbali. Kila nilipomaliza kitu alikizunguka mara mbili, anakitikisa, halafu ananiambia, "Rama, mukono yako iko fundi. Akili ndiyo bado iko inalala." Nilimpenda mzee huyo. Katika miaka ile sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye kutwa nzima.

Nasema hivyo si kwa kutaka mnionee huruma. Nilikuwa nakaa chumba kimoja Rwezamenyo, mtaa ule ule niliozaliwa. Mama alikuwa ameshafariki. Mke wangu alirudi kwao Kabuga mwaka wa tisini na moja, na siku anafunga mizigo aliniambia: "Nimechoka kukaa na mtu ambaye anaongea na mwingine kichwani." Alikuwa na haki. Nilikuwa naongea na Gaspari.

Gaspari alikuwa rafiki yangu. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, na kwenye ule ua tulikuwa na tundu letu la kupitia. Baba yake alikuwa karani serikalini, baba yangu alishona magunia. Sisi Waislamu, wao Wakatoliki. Idi alikula kwetu, Noeli nilikula kwao. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na uwanja wa muuza mbao, na hapo ndipo tulipotengeneza pandashuka yetu: ubao mrefu juu ya pipa lililolazwa, wewe huku, mimi kule, ukipanda nashuka, nikipanda unashuka. Wenzetu walitengeneza magari ya waya na kukimbiza ringi za baiskeli, na sisi tulifanya hayo pia, lakini ule ubao ulikuwa wetu wawili. Mtu hawezi kuucheza peke yake.

Ulikuwa na sheria mbili, na naomba mzishike kwa sababu ndizo habari yenyewe. Ya kwanza: ukitaka kuondoka lazima useme "Nashuka!", kisha umteremshe mwenzako polepole mpaka miguu yake iguse chini. Ukiruka bila kusema, mwenzako anaanguka kutoka juu. Ya pili: aliye juu husema kweli. Gaspari alikuwa mzito kuliko mimi, kwa hiyo alipotaka kujua jambo alikaa chini kwa uzito wake wote, akaniacha naning'inia huko juu miguu hewani, na hanishushi mpaka nimekiri. Nani alikula maandazi ya bi mkubwa? Nani alimwambia mwalimu? Nilikiri mengi nikiwa kwenye ule ubao, mengine ambayo hata sikuyafanya.

Sasa turudi kazini. Mkuu wetu alikuwa Madamu Imakulata, mama mrefu, mkali, aliyesoma Ulaya na kurudi na tabia ya kutembea haraka kuliko mvua. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu alituita mafundi wote. Nchi ilikuwa vitani kaskazini. Mjini watu walikuwa wanasikiliza redio na kunyamaza, wakikutana wanasalimiana huku wanapimana macho. Madamu akasema amechoka na picha za ukutani. Anataka kitu ambacho mgeni akiingia atakigusa, atakicheza, kimkumbushe alipokuwa mtoto asiye na shida ya kumuuliza jirani jina la baba yake ili ajue kabila lake. Alitaka kila mmoja wetu aseme alicheza nini. Wenzangu wakataja mpira wa majani ya mgomba, igisoro, yaani bao, kamba. Ilipofika zamu yangu mdomo ukatoka wenyewe: pandashuka. Akaipiga kofi meza. "Ni byiza cyane! Ni hiyo hiyo!"

Haya, chukueni kalamu, vipimo vinakuja. Ubao ni wa mkaratusi, hatua sita za mtu mzima, unene wa vidole vinne. Msitumie msonobari, utawavunjia watu migongo. Mhimili ni bomba la maji lililopita kwenye mabano mawili ya chuma. Mzee Kalombo alinikataza grisi kwa sababu inachafua nguo za wageni, akanifundisha kusugua sabuni ya kufulia iliyokauka. Hailii hata kidogo. Kila mwisho wa ubao ulifungwa waya wa breki ya baiskeli, na waya ukapita ukutani juu ya roda. Roda nilizitengeneza kwa vigurudumu vya uzi wa cherehani. Niliviomba kwa mafundi cherehani wa Nyamirambo, na walinicheka, wakafikiri nimeanza kushona. Upande mmoja ukipanda, waya unavuta magari ya waya kumi na mawili yanapanda mlima ukutani. Ukishuka, yanateremka yote pamoja na vizibo vya soda vinalia. Upande wa pili ukishuka ulivuta ringi ya baiskeli juu ya reli, na ringi ikifika mwisho inagonga kopo la maziwa ya unga, kisha dirisha dogo linafunguka. Ndani ya dirisha nilichora ule ua wa miyenzi na tundu lake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye waya. Niliukaza sana, nikadhani kukaza ndiyo ufundi. Siku ya majaribio magari yote kumi na mawili yalipaa kama ndege, yakavuka ukuta na kuingia ofisi ya mhasibu. Kalombo alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanionyesha: waya uachie ulegevu wa kiganja kimoja, ubao uanze kusogea kwanza, ndipo gari lifuate. Andikeni hiyo kwa wino mwekundu.

Kujaribu pandashuka kunahitaji watu wawili, na mimi nilikuwa mmoja. Kalombo mgongo wake ulimkataza. Basi nikajaza gunia mchanga, nikalifunga upande wa pili. Niliongeza na kupunguza mchanga kwa siku mbili mpaka nikapata uzito niliokuwa nautaka, uzito wa kijana wa miaka kumi na sita, mnene kidogo. Wafanyakazi wenzangu wakalipa gunia jina bila kujua, wakaliita Bwana Mkubwa. Asubuhi waliingia wakisema, "Mwaramutse, Bwana Mkubwa, Ramazani hajakuchosha?" Nami nikacheka nao. Walipoondoka nilikaa upande wangu, nikapanda na kushuka na lile gunia, na kwa sauti ya chini nililiita Gaspari. Nilikuwa mtu wa miaka thelathini na sita. Cheka tu, binti wa rasta, najua unasoma kwa sauti.

Ndipo Madamu akataka kibao. Alisema wageni lazima wajue hadithi ya ubao huu. Nikakaa na burashi nyembamba na rangi nyeupe jioni nzima, nikaandika haya: kwamba ubao huu niliucheza na rafiki yangu mpenzi, na siku moja mwaka wa sabini na tatu alishuka bila kusema, akaondoka na familia yake, akaniacha nimeanguka. Kwamba upande wake uko wazi, unamngoja.

Madamu alilia. Alitoa kitambaa, akafuta macho, akaagiza maneno yale yatafsiriwe kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Nikayaandika yote matatu, nikayapiga vanishi. Uongo wangu ukawa na lugha tatu.

Siku ya ufunguzi sitaisahau. Walikuja watu wa heshima, mabwana wa suti, mapadri, mashehe, akina mama waliojifunga mushanana begani. Walisoma kibao, wakatikisa vichwa. Walisimama kuuzunguka ubao, mikono nyuma. Hakuna aliyekaa. Madamu akasema, "Karibuni, mguse!" Wakatabasamu. Bwana mmoja alinyoosha kidole, akaugusa ubao kwa ncha, akakirudisha kidole chake haraka kama kimekutwa kikiiba. Mwishowe, mama we! wakaupigia ubao makofi, wakaenda kunywa Fanta. Magari yangu kumi na mawili hayakusogea hata shubiri.

Nilibaki nimekaa sakafuni. Kalombo akaja, akauzunguka ubao mara mbili kama kawaida yake.

"Rama, nyumbani kwenu mugeni anaweza kaa mbele hajaambiwa akae?"

"Hapana."

"Anaweza gusa kitu ya mwenye nyumba mbele hajapewa?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mwenye hii nyumba iko wapi? Na ile gunia yako iko imekaa kwa kiti! Mutu akikuta kiti iko na mwenyewe, anapita."

Kweli kabisa. Nilikuwa nimeliacha gunia pale upande wa pili ili hata mgeni aliyekuja peke yake aweze kucheza. Nikasahau adabu ya watu wangu mwenyewe! Kwetu mtu hakai mpaka akaribishwe na aliyekaa, na hakai mbele ya kitu kilichofungwa kamba kama maiti. Kesho yake niliondoa gunia, nikakwangua vanishi ya ubao kwa kipande cha chupa, nikaupaka udongo kidogo ili uonekane umeshakaliwa na watu. Na mimi mwenyewe nikakaa upande mmoja. Kila aliyeingia nilimwambia, "Karibu, kaa hapo mbele yangu."

Vijana, hilo ndilo somo la kazi nililonalo, mengine ni misumari. Mkitengeneza kitu cha watu kucheza, awepo mtu wa kukaribisha. Msibandike karatasi tu ya "Gusa hapa".

Walikaa. Walikaa wauza vitunguu wa Nyabugogo waliosikia habari wakaja na vumbi lao. Alikaa padri mmoja aliyecheka mpaka kofia ikaanguka. Alikaa mama mjamzito, nikamwendesha taratibu sana. Alikaa askari mmoja, alipanda na kushuka kwa muda mrefu huku anatazama lile dirisha, kisha akanishukuru kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa upande wa pili wa wote hao. Nilitazamana na nyuso nyingi kuliko kinyozi, na kila mlango ulipofunguka nilitazama nani anaingia. Jioni nilirudi chumbani Rwezamenyo, nikala wali wa asubuhi, nikalala. Watu kutwa, upweke ule ule. Sikuwahi kuwa mpweke kama miezi ile.

Sasa niwaambie ukweli, maana nimezunguka vya kutosha.

Mwaka wa sabini na tatu Watutsi walikuwa wanafukuzwa mashuleni na makazini. Majina yalibandikwa kwenye milango. Baba yake Gaspari alikuta lake ofisini, Gaspari akakuta lake shuleni. Siku ile jioni tulikwenda kwenye ubao wetu ingawa tulishakuwa wakubwa, ndevu zinaanza. Yeye alikuwa juu, mimi nilikuwa chini. Wakapita vijana wanne wa shule yetu, nawajua kwa majina, wengine bado hai. Mmoja akaita, "Ramazani! Unacheza na nani hapo?"

Nikaruka. Sikusema "Nashuka". Niliruka kama ubao umeshika moto, nikajipangusa suruali, nikasimama upande wao. Gaspari akaanguka kutoka juu na kidevu kikapiga ukingo wa ubao, kikapasuka, na jino moja likatoka. Wale vijana wakacheka. Na mimi nikacheka.

Alfajiri nyumba yao ilikuwa tupu. Nilipita kwenye tundu la miyenzi nikaona chungu kimeachwa jikoni na maharage yake. Wakati wote baada ya hapo nilikuwa nikiwaambia watu, mpaka mke wangu, kwamba rafiki yangu aliondoka bila kuniaga. Nilirudia mpaka nikakasirika kweli, nikamkasirikia yeye! Aibu ilikuwa yangu, hasira nikampa yeye. Nikaitengenezea na kibao.

Na bado nilikuwa nimemwandikia. Makubaliano ya amani yalipotiwa sahihi, watu walianza kuvuka mpaka kuwatembelea ndugu. Nilishuka Nyabugogo, nikauliza madereva wa basi za Bujumbura, maana wengi waliofukuzwa walikimbilia Burundi. Mmoja, anaitwa Kasimu, akasema, "Gaspari wa kutoka huku? Yule mwalimu mnene? Anakaa karibu na shemeji yangu." Nilimpa barua fupi. Niliandika kwamba nimetengeneza ubao wetu, aje auone. Neno la kuomba radhi nililiacha kalamuni, nikajiambia nitalisema kwa mdomo.

Alikuja alasiri moja, siku chache tu baada ya barua, mvua inanyesha. Chumba kilikuwa kitupu, mimi nimekaa upande wangu kama kawaida. Akaingia bwana mnene mwenye kofia na mwavuli, akaukung'uta mwavuli mlangoni kwa adabu. Nilimjua kwa kovu la kidevu.

Hakunijia. Alikwenda kwanza kwenye kibao. Akavaa miwani. Akasoma Kiswahili. Akasogea, akasoma Kinyarwanda. Akasogea tena, akasoma Kifaransa, pole pole, kama anayetafuta lugha moja kati ya zile tatu iliyosema kweli. Kisha akavua miwani, akaiweka mfukoni, akaja upande wa pili wa ubao. Na yeye ni mtu wa hapa: akasimama akingoja.

"Karibu," nikasema. "Kaa."

Akakaa. Vijana wangu, niliupima ubao ule kwa gunia la kijana wa miaka kumi na sita, na sasa amekaa mwalimu wa miaka thelathini na sita anayependa kula! Nilipaa. Magari yote kumi na mawili yalipanda mlima kwa mara moja, ringi ikakimbia, kopo likalia, dirisha likafunguka wazi. Na mimi nikabaki huko juu, miguu inaning'inia, kandambili moja imeanguka.

Hakunishusha. Alikaa chini kwa uzito wake wote, mikono juu ya magoti, akanitazama. Nilijua anangoja nini. Sheria ilikuwa yetu sote.

"Habari za safari?" nikauliza.

"Safari njema."

"Watoto hawajambo?"

"Wawili. Hawajambo."

"Mvua imewakuta njiani?"

"Imetukuta Butare." Bado ananitazama. "Unaona vizuri huko juu, Rama?"

"Naona."

Akangoja. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikuwa na neno lile mdomoni, naapa, lilikuwa limefika kwenye meno. Ni neno fupi. Ningesema tu, "Niliruka, Gaspari, na nilicheka, nisamehe." Badala yake nikamweleza habari za roda. Ndiyo! Nilikaa hewani nikamweleza mtu yule vigurudumu vya uzi wa cherehani, sabuni badala ya grisi, na ulegevu wa kiganja kimoja kwenye waya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mwalimu mwema.

Kisha akavuta pumzi, akasema, "Basi, Rama. Nashuka."

Akaanza kunyoosha miguu, kidogo kidogo, huku ameushika ubao kwa mikono miwili. Alinishusha kidogo, akasimama kuona kama niko sawa, akanishusha tena, mpaka vidole vya miguu yangu vikagusa sakafu, na kisigino kikagusa. Hapo ndipo alipouacha ubao. Alifanya kama ilivyotakiwa kufanywa. Aliokota kandambili yangu akanipa mkononi.

Mlangoni alisema watoto wake watapenda magari yale, atawaleta shule zikifungwa kwa Pasaka. Akafungua mwavuli akaenda kuwahi basi Nyabugogo. Hakutaja kibao. Nilitamani angenitukana.

Mwezi wa kumi Bujumbura ikaharibika kwa mauaji, nikakaa bila habari hadi Noeli, karibu nipate wazimu. Kasimu ndiye aliyeniletea barua: wako hai, na ahadi ya Pasaka iko pale pale, watapanda basi wiki ya baada ya sikukuu. Niliisoma nimesimama katikati ya makelele ya Nyabugogo, watu wananipiga vikumbo na magunia.

Nikasema sasa basi, Ramazani, umepewa nafasi ya pili na mtu ambaye hakuwa na deni la kukupa. Nilichonga kibao kipya. Niliandika ukweli, wote, na kicheko nilikitaja. Wiki ya Pasaka nilikipaka rangi mara mbili nikakiacha chumbani kikauke, maana hewa ya Aprili ina unyevu. Nilipanga kwenda kukipigilia Alhamisi.

Alhamisi hiyo ya Aprili tisini na nne mnaijua, mmesomeshwa, ndiyo siku mauaji yalipoanza. Ya miezi ile sitayaandika hapa, si mahali pake.

Niliporudi mjini kwenye ile nyumba, ukumbi ulikuwa hauna milango. Madamu Imakulata hayupo. Mzee Kalombo hayupo. Ubao ulikuwa umepasuliwa kuni, roda zimetapakaa sakafuni. Kibao cha zamani ndicho kilichobaki ukutani, kizima, na lugha zake tatu. Kile kipya kiliibwa chumbani kwangu pamoja na mlango. Nilikwenda Nyabugogo siku nyingi sana nikimtafuta Kasimu niulize swali moja tu: aliwapakia, au hakuwapakia? Kasimu sikumpata. Baadaye nilifika mpaka Bujumbura, na mtaa niliouulizia ulikuwa umehamwa, hapana wa kunijibu. Mpaka leo sijui kama Gaspari alipanda basi wiki ile na watoto wawili kuja kuona magari yangu. Kuna usiku ninaomba iwe hakupanda. Pengine yuko mahali, mzee mnene mwenye kovu, ananiona mimi mwongo tu. Hilo ningelipokea kwa furaha.

Basi ndiyo hayo. Kwenye kibao chenu andikeni hivi, na msinipunguzie: "Ubao huu walicheza Gaspari na Ramazani. Ramazani aliruka bila kusema, Gaspari akaanguka, na Ramazani akacheka. Gaspari alirudi, akamshusha Ramazani polepole." Mkipige na vanishi ikiwa mnataka.

Gunia msiweke. Na siku ya ufunguzi njooni mnichukue na gari, kwa sababu ya haya magoti. Mniketishe upande wangu, na mmoja wenu aliye mzito akae upande wa pili. Mnipandishe mpaka juu kabisa, na mnishikilie huko. Nikianza kueleza habari za roda, msinisikilize. Msinishushe mpaka nimesema.